Simba Bila Harambee: Uhakiki wa Kipindi «Lions' Den» cha Kenya

Vipindi vya mashindano vya televisheni husafiri siku hizi kama zilivyosafiri ngano za kale: kiunzi cha hadithi ni kimoja, ila kila nchi hukivika wanyama wake. Mfano unaostahili kuchunguzwa na wanafunzi wa Kiswahili ni «Lions' Den», yaani Pango la Simba, kipindi kilichoanza kuonyeshwa nchini Kenya mwaka 2016 katika stesheni ya NTV kwa udhamini wa benki ya KCB. Uhakiki huu unakusudia kupima ni kitu gani kilichotafsiriwa pale kiunzi hicho kilipoingia Kenya, na ni kitu gani kilichoachwa nje.

Asili ya kiunzi ni Japani, ambako kilianza kuonyeshwa mwaka 2001, na matajiri wake waliitwa simbamarara. Uingereza ilikipokea mwaka 2005 ikawafanya matajiri hao majoka. Marekani, mwaka 2009, ikawaita papa. Ujerumani, mwaka 2014, ikawaita simba. Mnyama hubadilika, lakini tendo ni lile lile. Mtu mwenye biashara changa anasimama mbele ya matajiri walioketi, anataja fedha anazohitaji na sehemu ya biashara atakayoitoa. Akiomba shilingi 1,000,000 kwa hisa 10 katika kila 100, amekwisha kutamka kwamba biashara yake nzima ina thamani ya shilingi 10,000,000. Tangu hapo masimulizi ya jasho lake yamegeuka kuwa bei, na maswali ya matajiri huipima bei hiyo, mara nyingi kwa nia ya kuishusha.

Toleo la Kenya halikukosa sifa. Simba wake 5, yaani Olive Gachara, Wandia Gichuru, Kris Senanu, Myke Rabar na Darshan Chandaria, walikuwa watu waliofahamika nchini kwa biashara zao. Na kwamba 2 kati yao ni wanawake si jambo dogo. Mtazamaji alijifunza kwamba mauzo si faida, na kwamba asiyeweka hesabu hana la kujibu. Hilo ni fundisho la kweli, wala halipaswi kudharauliwa.

Hata hivyo, jina lina mzigo wake. Katika ngano za Waswahili, simba ni mwenye nguvu asiyekawia kula, na mnyonge huokoka kwa akili yake tu, kama sungura. Mtu huingia pangoni kwa hila, wala haingii ili kuomba. Msomaji wa Kongo, ambaye neno «Simba» humkumbusha pia uasi wa mwaka 1964, hawezi kulipokea kama pambo tupu. Kwa hiyo kipindi kinamtaka mtazamaji amwone mlaji kuwa mfadhili. Mkinzano huo ungeweza kuzaa tamthilia nzuri, lakini kipindi kinaupita bila kuutazama.

Hapa ndipo hoja kuu ilipo. Simba si mgeni katika alama za Kenya: katika nembo ya taifa wapo 2, wameishika ngao, na chini yao limeandikwa neno moja la Kiswahili, «Harambee». Kipindi kilimchukua simba, kikaliacha neno lililo chini yake. Katika harambee mchango hutolewa bila mtoaji kudai hisa. Katika pango kila shilingi huandamana na umiliki. Haifuati kwamba harambee haina dosari, kwani mara nyingi wanasiasa wameitumia kununua sifa. Lakini kati ya sadaka na hisa zipo njia nyingine ambazo watu wa kawaida huzitumia kupata mtaji: chama nchini Kenya, upatu nchini Tanzania, likelemba hapa Kongo. Katika njia hizo dhamana ya mtu ni zamu yake na kufahamiana kwake na wenziwe. Kiunzi kilichotoka ng'ambo hakina kiti cha kumkalisha shahidi wa namna hiyo. Mwombaji husimama peke yake, kana kwamba hakuna aliyewahi kumwamini kabla ya siku hiyo.

Jambo la pili ni lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Pamoja na hayo, Kiingereza ndicho kilichotawala katika pango. Haiwezekani kudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Mtaji, hisa, ubia, faida, hasara, dhamana, bei ya jumla na rejareja ni maneno ya sokoni yaliyozoeleka. Zaidi ya hayo lipo neno «mali kauli», bidhaa anayopewa mchuuzi kwa ahadi ya mdomo, alipe akisha kuuza. Neno hilo lina nadharia nzima ya uaminifu ndani yake. Mfanyabiashara aliyejengwa na mali kauli, akilazimika kujieleza kwa lugha ya shule, hupimwa Kiingereza chake kabla ya kupimwa biashara yake. Na huenda akaonekana hajui jambo analolijua kuliko wote waliomo.

Kutohoa kipindi, basi, si kubadilisha mnyama tu. Ni kuuliza pia watu wa mahali hukopeshana vipi, huaminiana kwa nini, na hulisema hilo kwa maneno gani. «Lions' Den» lilijibu sehemu ndogo ya swali hilo. Atakayejaribu tena, iwe Nairobi au Lubumbashi, hana budi kuanza na lugha ambayo mwombaji hutumia kupatana bei.