Ufundi wa Kukiweka Kielezi Mahali Pake

Sarufi ya Kiingereza inaposomeshwa siku hizi, kielezi, yaani neno linaloeleza tendo lilitendeka vipi, wapi, lini au kwa kiasi gani, hupewa kurasa chache, nazo aghalabu ni orodha ya maneno yanayoishia kwa “-ly” ambayo mwanafunzi hutakiwa ayakariri. Kwa walimu wa sarufi wa zamani, kuijua maana ya kielezi ulikuwa mwanzo tu wa kazi, kwa kuwa kielezi cha Kiingereza kikisogezwa hatua moja huweza kuibadili sentensi nzima bila neno jingine lolote kuguswa.

Rai hiyo ni ya kale. Robert Lowth, kasisi wa Kiingereza aliyechapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1762 na ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alifundisha kwamba nguvu ya kielezi hutegemea mahali kilipowekwa, na neno “only” lilikuwa miongoni mwa mifano yake. Zoezi linalotokana na fundisho hilo halihitaji zaidi ya ubao na chaki. Mwalimu huandika “Juma bought fish on Friday”, kisha huwataka wanafunzi waliingize neno hilo moja katika kila nafasi inayowezekana, na kila mara waseme kilichobadilika. Likitangulia jina la Juma, hakuna mwingine aliyenunua. Likitangulia samaki, Juma hakununua nyama wala mboga. Likitangulia Ijumaa, siku nyingine alirudi mikono mitupu. Na likitangulia kitenzi, msomaji huachwa akijiuliza kama Juma alinunua tu bila kupika, au kama mwandishi hakujali. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili zoezi hili lina ugumu wake wa pekee, maana “tu” hulifuata neno linalowekewa mpaka, ilhali “only” kwa kawaida hulitangulia, hivyo hana budi kuugeuza mwelekeo wa fikra aliouzoea tangu utotoni.

Hata hivyo mwanafunzi huyo haingii darasani akiwa mtupu. Anaposema “huja”, kiambishi hu- kimekwisha kubeba mazoea ambayo Kiingereza huyaeleza kwa “usually”. Anaposema “ameshafika”, -sha- imebeba “already” ndani ya kitenzi chenyewe. Kujifunza kwake ni kuitoa maana hiyo kitenzini, kuipa neno lake, na kulitafutia neno hilo nafasi: kabla ya kitenzi kikuu, kama katika “she usually comes”, lakini baada ya kitenzi cha kuwa, kama katika “she is usually late”. A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza nchini Japani na ambaye kamusi yake ya wanafunzi ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, aliviona vielezi kuwa vinastahili sehemu yao wenyewe katika kitabu cha miundo ya sentensi alichokitoa mwaka 1954. Neno “bado” hudai uangalifu zaidi, kwani katika “bado yupo” ni “still”, na katika “bado hajafika” ni “yet”, na anayeyachanganya humwacha msomaji asijue kama mgeni anangojwa au anatakiwa kuondoka.

Mtego mkubwa kuliko yote umo katika “hard” na “hardly”. Kiingereza cha kale kilikuwa na njia mbili za kuunda kielezi, ama kwa kuongeza -e mwishoni mwa kivumishi, ama kwa -lice, iliyotokana na neno lenye maana ya mwili au umbo. Ile -e ilipopotea, “hard” ya kivumishi na ya kielezi zikawa sawa, na “hardly” ikabaki na njia yake hadi ikawa na maana ya “kwa nadra” au “kwa shida”. Mwandishi wa barua ya kumpendekeza kijana kazini, akitaka kusema kwamba kijana ana bidii, huandika “he hardly works”, na barua ya sifa inamnyima mwenyewe kazi.

Kosa la namna hiyo halipigiwi mstari mwekundu na programu za kusahihisha, kwa sababu kila neno limeandikwa sawasawa na sentensi imekamilika. Kilichoharibika ni alichokusudia mwandishi. Kosa la nafasi nalo hupita vivyo hivyo, na walimu wa zamani walilisahihisha kwa mshale wa wino mwekundu, uliotoka kwenye kielezi hadi mahali kilipostahili, na mara nyingi hawakuandika kitu kingine, ili mwanafunzi aisome sentensi yake upya na ajiambie mwenyewe tofauti yake. Mshale huo ulidai mwalimu asome sentensi hadi mwisho na aielewe nia ya mtoto, jambo ambalo mwenye madaftari mia moja mezani hawezi kulifanya kwa kila mmoja. Mahali pake pamechukuliwa na zoezi la kujaza pengo, ambalo ni rahisi kusahihisha, lakini ambamo pengo limekwisha kuchorwa na mtunga maswali, kwa hiyo mwanafunzi huchagua neno na kamwe hachagui mahali, naye humaliza shule akiwa na vielezi vingi kichwani ambavyo hajawahi hata mara moja kuviwekea nafasi kwa uamuzi wake mwenyewe.