Muhuri Usioonekana Katika Riwaya ya Verghese

Riwaya ya Abraham Verghese, Cutting for Stone, iliyotoka mwaka 2009, imesifiwa sana, na nyingi ya sifa hizo inazistahili. Mwandishi ni daktari, mzaliwa wa Addis Ababa mwaka 1955, wazazi wake walimu kutoka India. Alikuwa akisomea udaktari Ethiopia wakati machafuko yaliyomwangusha mfalme mwaka 1974 yalipomkatizia masomo. Akafanya kazi ya utumishi wa wodini Marekani, akaenda kumalizia shahada Madras, kisha akarudi Marekani. Kwa hiyo anapowaeleza madaktari wageni, anaeleza alichokiona. Lakini mimi niliyekaa miaka kumi na tisa katika masjala ya chuo kimoja cha udaktari, nikijibu barua za kuulizia shahada za watu, nina neno na riwaya hii.

Msimulizi, kijana Marion Stone, anaitoroka Ethiopia mwaka 1979, na baada ya Sudan na Nairobi tunamkuta Bronx, katika hospitali ya maskini inayoendeshwa na madaktari waliosomea nje. Humo hospitali za Marekani zinagawanywa makundi mawili: za Mayflower, yaani za wenye nasaba, na za Ellis Island, kisiwa walikoshukia wahamiaji. Sehemu hii ni tamu, na mzaha wake una uchungu ndani. Lakini jiulize, ndugu msomaji: mtu aliyekimbia huku anatafutwa na serikali, nani aliandika kutoka Addis Ababa kwamba huyu ni daktari kweli? Riwaya inapita hapo kama basi lisilo na abiria wa kushuka.

Tumtendee haki mwandishi: zama zile zilikuwa nyepesi zaidi. Tume ya Marekani inayowapima wahitimu wa nje, ECFMG, ilikuwapo tangu 1956, lakini ukali tuujuao ulikuja baada ya kashfa ya 1983 na 1984, ilipogundulika kuwa shahada za vyuo viwili vya Jamhuri ya Dominika, CETEC na CIFAS, zilikuwa zikiuzwa kama mitumba. Siku hizi cheti ulichokileta mwenyewe mkononi hakitoshi. Chuo ndicho huulizwa, nacho hujibu bila kumpitia mwenye cheti.

Barua hizo nazijua. Unashuka chumba cha majalada, unatafuta mwaka, unatafuta jina, na majina yetu ni mtihani peke yake: binti aliandikishwa kwa jina la babu, akahitimu kwa jina la baba, sasa anaomba kazi kwa jina la mume. Ukishampata, unangoja sahihi ya mkuu wa kitivo, naye yuko semina Arusha. Barua inalala kwenye trei wiki sita. Ng'ambo, mwenyewe anahesabu siku, maana hospitali za Marekani hupokea madaktari wa kufundishwa ubingwa mara moja kwa mwaka. Akichelewa, amechelewa mwaka mzima. Mmoja alinipigia simu kutoka Chicago mara nne, ananiita baba, na muhuri uko kwenye droo, na mwenye ufunguo yuko likizo. Hapo pangetoka sura nzima ya riwaya.

Verghese hakuiandika, na nadhani najua sababu. Moyo wake uko upande wa mkono dhidi ya karatasi. Ghosh, baba mlezi wa Marion, anashika kisu ingawa si daktari wa upasuaji kwa kusomea. Shiva, pacha wa Marion, hakusoma chuo chochote cha udaktari, naye anakuwa bingwa wa kutibu fistula. Msomaji anashangilia. Wala si ndoto tupu: katika Hospitali ya Fistula ya Addis Ababa, iliyofunguliwa na Reginald na Catherine Hamlin mwaka 1974, Mamitu Gashe, aliyefika kwao akiwa mgonjwa, asiye na shule, alifundishwa hadi akawa mpasuaji stadi wa maradhi hayo hayo. Lakini tuangalie vizuri. Mamitu alifanya kazi mbele ya macho ya waliomfundisha. Wao ndio waliokuwa cheti chake. Mgonjwa wa Bronx hana macho yanayofika Addis Ababa. Kinachofika ni karatasi yenye muhuri. Riwaya inayoidharau karatasi hiyo inamsahau huyo mgonjwa, ambaye pengine ni maskini kuliko daktari.

Kosa jingine ni kuchanganya mambo mawili. Kuuliza kama mtu alisoma ni jambo moja. Kumrudisha bingwa wa miaka mingi kwenye zamu za usiku kama mwanafunzi ni jambo jingine, na hilo ndilo hasa linalowadhalilisha watu wa aina ya Deepak, stadi wa riwaya hii ambaye mkono wake umekipita cheo chake. Mwaka 2023 jimbo la Tennessee, ambako Verghese aliwatibu wagonjwa wa UKIMWI aliowasimulia katika My Own Country (1994), lilipitisha sheria ya kuwapa baadhi ya madaktari waliofunzwa nje leseni ya muda bila kurudia mafunzo hayo. Shahada zao bado lazima zithibitishwe. Barua zitaendelea kuja, na chumba cha majalada nilichokiacha kilikuwa na taa moja.