Vigelegele Pekee Havitoshi

Huku kwetu Kabambare, sawa na Kasongo, ekipi ikienda kucheza kijiji kingine haiendi peke yake. Ngoma inatangulia, vijana na wamama wanafuata, na jina la kijiji linakuwa mikononi mwa wachezaji 11. Ni desturi nzuri. Lakini iko na upande mwingine ambao tunapashwa kuusema.

Watu wanapenda kusema kama mashabiki ni mchezaji wa 12. Ni kweli nusu. Makelele yanatia nguvu, lakini hayalishi mchezaji, wala hayamponyeshi akivunjika mguu. Historia ya Léopards inatufundisha hivyo.

Mu Machi 1974, Zaire ilichukua Kombe la Afrika kule Cairo. Mechi ya mwisho na Zambia iliisha 2-2, wakairudilia, Zaire ikashinda 2-0. Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 mu mashindano ile moja. Mpaka leo hakuna aliyempita. Mobutu akawapa wachezaji nyumba na motokari. Inchi nzima ilijisikia kubwa.

Miezi mitatu nyuma, walikuwa Ujerumani ya Magharibi kwa Kombe la Dunia, ekipi ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika kule. Uskoti ikawashinda 2-0. Halafu wakasikia kama makuta waliyoahidiwa hayatawafikia. Tarehe 18 Juni, Yugoslavia ikawafunga 9-0. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kama walinzi wa Mobutu waliwatisha: Brazili ikipita magoli 3, wasirudi nyumbani. Brazili ilifunga 3.

Wengi wao walikuwa wale wale wa Cairo, na miguu ile ile. Lakini fahari ya inchi ilikuwa imegeuka fimbo.

Na Ndaye? Mu 1994, kisha kupewa heshima kule Tunisia, watu wenye silaha walimpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika ya Kusini, akaishi mu umaskini. Mu 1998, kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja juu yake, wakifikiri amekufa. Kumbe alikuwa hai. Alikufa mu 2019. Heshima ya marehemu ilimfikia wakati alihitaji chakula.

Kuko fahari ya namna nyingine. Tarehe 7 Februari 2024, mbele ya kucheza na Côte d'Ivoire, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono na kuelekeza vidole kwa kichwa kama bunduki, juu ya damu inayomwangika huku mashariki. Walishindwa 1-0, lakini dunia iliona kilio chetu. Na kule Moroko, Michel Kuka Mboladinga alisimama mechi nzima sawa sanamu ya Lumumba, mkono juu, bila kutikisika. Algeria ilipotutoa tarehe 6 Januari 2026, alilia. Hakutukana mchezaji hata mmoja.

Kushangilia kwa kweli ni huko: kubaki na mtoto wako hata akishindwa. Basi, wapenzi wasomaji, tupige ngoma, ndiyo. Lakini tulime kiwanja, tuchange makuta ya viatu na dawa, na tumkumbuke mchezaji wa zamani angali anakula. Kijiji kinachomwimba mtu siku ya goli tu, na kumzomea kesho yake, kisishangae kikikosa mtu wa kukichezea.