Karatasi za Udongo na Karatasi za Vichwa

Kila ukoo mkongwe wa Uvira una babu aliyefika wa kwanza. Alikuta pori, akafyeka, akajenga, akapanda mwembe. Ukiuliza alifika lini, utaambiwa kabla ya Bulamatari, yaani serikali ya kikoloni. Ukiuliza jina la mama yake, wazee wataangaliana. Masimulizi hayo nayaheshimu, kwani bila hayo hatungejua hata pa kuanzia. Ila wako watu Rugenge, na katika mitaa mingine ya mji huu uliobanwa kati ya mlima na ziwa, wasioridhika na mwembe. Huenda ofisini wakaomba fishi ya parseli, yaani kadi ya kiwanja, wakarudi wakaomba fishi ya sensa, wakazilaza juu ya meza moja na kukaa nazo hadi zianze kusemezana. Kazi yao haina mshahara, na mara nyingi haina hata shukrani. Naandika kuisifu.

Karatasi zenyewe hazikuandikwa kwa ajili ya wajukuu. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza kuwa ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola, na mwaka 1886 ikaleta usajili wa mtindo wa Torrens, ambao humpa nguvu yule aliyeandikwa kitabuni. Kwa miaka mingi sertifika za usajili huo zilikuwa za Wazungu, makampuni na misheni. Mwafrika aliyejenga mjini alipewa livret de logeur, kijitabu cha ruhusa ya kukaa, na ofisi ikabaki na fishi ya kiwanja chake. Sensa nayo ilikuwa ya kodi. Kapita, yaani mnyapara, aliwaita watu, karani akaandika, na hesabu iliyotazamwa kuliko zote ilikuwa ya HAV, hommes adultes valides, wanaume wazima wenye nguvu: hao ndio waliolipa kodi na kupelekwa kazini. Sensa hiyo ya kiutawala isichanganywe na sensa ya kitaalamu ya Julai 1984, ambayo hadi leo ndiyo ya mwisho kwa nchi nzima. Ile ya 1984 inatupa jumla za watu. Mtafuta ukoo anataka fishi moja moja, yenye jina la mtu, la baba, la mama na la kijiji alikotoka.

Nasema karatasi hizi ni mashahidi wazuri kwa sababu hazikutupenda. Karani hakujua kama babu alikuwa shujaa wala hakuwa na haja ya kumpamba. Alitaka kujua nani analipa na nani anakaa wapi. Uongo wake ni wa namna nyingine, na fundi wa kazi hii huuzoea. Umri, kwa mfano: mtu mmoja amezaliwa "vers 1910", yaani yapata 1910, mwenzake "vers 1920", jirani yao "vers 1915". Miaka imejipanga kwenye sifuri na tano, kwa kuwa karani alikuwa anapima mvi. Mwaka wa namna hiyo huandikwa kwenye mti wa ukoo kwa penseli, kisha hupimwa kwa mambo mengine: mtoto wa kwanza aliandikwa lini, kodi ya kwanza ililipwa lini, mdogo wake alikuwa na umri gani.

Majina yanasumbua zaidi. Familia za Waungwana, Waislamu wa Kiswahili, zilizotoka upande wa Ujiji zilifika na Hamisi na Ramadhani, karani akaandika Amisi na Ramazani. R na L hupokezana kutoka fishi moja hadi nyingine. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi, kwa kuwa kwetu mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Halafu ikaja 1972, Mobutu akaondoa majina ya ubatizo, na mtu aliyekuwa Albert kwenye fishi ya zamani akawa mwingine kabisa kwenye fishi mpya. Anayetafuta kwa jina peke yake atazika watu hai na kufufua wasiokuwapo.

Hapo ndipo udongo unapoisaidia sensa. Mtu hubadilisha jina, dini, hata kabila analotaja mbele ya karani; parseli hubaki na namba yake na majirani wake. Kwa hiyo fundi humfuata mtu kwa kiwanja. Anauliza ni nani alikaa hapa kabla, nani alikaa kushoto, nani nyuma. Husoma fishi za avenyi nzima, pamoja na zile zisizomhusu. Mashemeji hupenda kukaa karibu, na mgeni hujenga pembeni ya aliyempokea. Mara nyingi jina la ukoo wa bibi, ambalo nyumbani hakuna anayelikumbuka, lipo kwenye parseli ya jirani. Namwona mtu anayesoma fishi za majirani kuwa fundi kweli; anayesoma ya babu yake tu bado anatafuta sifa.

Na wanawake? Hapa ndipo ninapotaka kukaa. Kwenye karatasi za ardhi karibu hawapo. Hata baada ya uhuru, Sheria ya Familia ya 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa matendo ya kisheria yanayomfunga, na sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Kwenye sensa wapo, lakini wamevaa majina ya serikali. Wabelgiji walimtoza mwenye wake wengi kodi ya nyongeza, na dekreti ya 4 Aprili 1950 ikabatilisha ndoa mpya za namna hiyo kuanzia 1951. Mke wa pili hakutoweka kwa sababu ya dekreti. Alihamishiwa fungu jingine kwenye maandishi. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, mwendo mfupi kutoka hapa, utawala ulikuwa na fungu la femmes vivant théoriquement seules, wanawake wanaodhaniwa kuishi peke yao, na ukawatoza kodi: wajane, walioachwa, na wake waliofichwa, wote kapu moja. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, waliipinga kodi hiyo hadharani, kwa kuwa waliona inawahesabu kuwa malaya.

Mtu asiyejua habari hiyo akikuta kwenye fishi mwanamke "peke yake", atampita. Fundi atasimama. Ataangalia watoto wake wameandikwa baba gani. Ataenda ofisi ya ardhi kuuliza parseli anayokaa imeandikwa kwa nani. Akikuta kwamba babu aliandikiwa viwanja viwili kwenye avenyi moja, na kwenye kile cha pili sensa inamwona mama huyo na watoto wanne, basi karatasi mbili zilizoandikwa na makarani wawili wasiojuana zimemrudisha mke nyumbani kwake. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingeweza kusema hivyo peke yake. Kwangu mimi hili ndilo tendo zuri kuliko yote katika kazi hii, na ningelisifu hata kama kazi nzima isingekuwa na faida nyingine.

Familia za Kikatoliki zina bahati ya ziada: kitabu cha ubatizo humtaja mama, na paroko hutakiwa kuandika ndoa pembeni ya ubatizo.

Hata hivyo, mapengo kwenye karatasi ni mengi. Mei 1964 waasi waliuteka mji, na Oktoba 1996 vita vikapita tena. Watu walivuka hadi Burundi na Kigoma na vijitabu vyao kwenye mabunda, au bila chochote. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa maelfu ya nyumba, na kilichokuwa ndani ya sanduku kikaenda na maji. Ziwa lenyewe lilipanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, likapanda tena miaka hii, na huko Kavimvira na Kalundu kuna viwanja vyenye karatasi safi ambavyo vimelala chini ya maji.

Matokeo ya kazi hii hayabaki mezani. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya dola na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Haki hiyo hurithiwa. Sheria ya Familia huwapa watoto wa marehemu robo tatu za urithi, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa iwapo baba aliwatambua angali hai. Fishi ya sensa yenye jina la baba, iliyoandikwa akiwapo, inaweza basi kuleta tawi zima la ukoo kwenye kikao ambacho halikualikwa. Wajomba hukasirika. Wengine humwambia fundi amechimba kaburi.

Nimemwona mmoja wa mafundi hao akifanya kazi, na kanuni yake ni hii: pale karatasi mbili zinapokubaliana huchora mstari mzima, pale ilipo moja tu huchora nukta nukta, pasipo na kitu huacha kisanduku kitupu na kuandika ndani yake ofisi alizokwisha kuuliza. Akiombwa aziunganishe nukta kwa wino kabla shauri la urithi halijafika mahakamani, hukataa, hata mwombaji akiwa mjomba wake mwenyewe.