Papa wa Ziwa Nicaragua: Kitendawili Kilivyoteguliwa

Mwaka 1877 wanasayansi Gill na Bransford walimtangaza papa wa Ziwa Nicaragua kuwa spishi ya peke yake. Maelezo yaliyoshika mizizi baadaye yalikuwa haya: ziwa ni la maji baridi, papa ni wa baharini, kwa hiyo hawa walifungiwa humo zamani, wakazoea.

Dai hilo lilitikisika mwaka 1961. Bigelow na Schroeder walilinganisha maumbile wakakuta ni Carcharhinus leucas, papa yuleyule wa pwani za joto, ambaye kusini mwa Afrika huitwa papa wa Zambezi. Hata hivyo, kufanana hakuthibitishi safari. Kati ya ziwa na Bahari ya Karibi kuna Mto San Juan, wenye urefu wa karibu kilomita 190 na sehemu za maji ya kasi. Je, papa anaupanda?

Thomas Thorson wa Chuo Kikuu cha Nebraska alilijibu swali hilo kwa mbinu isiyo na makuu. Aliwavua papa ziwani na kwenye mlango wa mto, akawafunga alama zenye namba, akawaachia. Wavuvi wakimnasa mwenye alama, namba inaonyesha alikotoka. Nguvu ya mbinu hii ni kuweka alama pande zote mbili, maana ingefanywa upande mmoja, mtu angesema papa hao wanashuka tu bila kupanda. Mwaka 1971 alichapisha matokeo: papa walikuwa wakienda na kurudi, na wengine walimaliza safari kwa siku 7 hadi 11 tu.

Likabaki swali la namna mwili unavyohimili maji yasiyo na chumvi. Papa wa baharini hulimbikiza yurea katika damu ili maji ya mwilini yasinyonywe na chumvi ya nje. Ndiyo maana papa mkavu sokoni hunuka amonia: yurea hiyo imeoza. Papa aliye hai akiingia mtoni hali hugeuka, maji humvamia yeye. Papa wengi hawawezi kupunguza yurea kwa kiasi cha kutosha, nao hufa.

Leucas hupunguza. Vipimo vya Mto Brisbane, Australia, vilivyochapishwa na Pillans na Franklin mwaka 2004, vilionyesha ukolezi wa damu ukishuka kutoka miliosmoli 1,067 baharini hadi 642 mtoni. Bado ni takriban maradufu ya samaki wa kawaida wa mtoni, kwa hiyo maji huendelea kuingia. Figo huyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi, na tezi inayotoa chumvi karibu na mwisho wa utumbo hupunguza kazi.

Basi anaishi, lakini kwa gharama, na gharama hiyo hulipwa zaidi na wachanga, wanaopanda mito kukwepa papa wakubwa. Mfano wa Carbrook, Queensland, unaonyesha mpaka wa uwezo huo. Mafuriko ya miaka ya 1990 yaliwaacha papa katika ziwa la uwanja wa gofu lenye chumvi kidogo sana. Walidumu humo miaka 17, hadi 2013, bila dalili ya kuzaana. Kuishi majini humo ni jambo moja. Kuendeleza kizazi ni jingine, na kwa hilo leucas bado anaihitaji njia ya kurudi baharini.