Timothy alikuwa na bahati ya nani?

A Diary for Timothy ni filamu ya Uingereza, haifiki hata saa moja. Humphrey Jennings aliitengeneza wakati Vita Kuu ya Pili inaelekea mwisho, na maneno yake yakaandikwa na E. M. Forster, mwandishi wa riwaya. Inamhusu mtoto aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1944, siku ambayo Uingereza ilitimiza miaka mitano vitani. Nimeiangalia mara tatu kwenye kompyuta ya kuazima. Ni filamu nzuri, lakini nina ugomvi nayo.

Uzuri wake upo kwenye sauti. Msimulizi, Michael Redgrave, anamsemesha mtoto mwenyewe, kama mzee anayemweleza mjukuu habari za ukoo. Hapigi kelele za ushindi. Myra Hess anapiga piano London, watu wametulia wanasikiliza, na vita bado vipo. Kwa filamu iliyolipiwa na serikali, huo ni ujasiri.

Sasa ugomvi. Jennings amechagua watu wanne wa kumwonyesha Timothy ni nani wanaomlindia dunia: rubani aliyeumia, mchimba makaa ya mawe, mkulima na dereva wa treni. Wote wanaume! Mtoto ndiyo kwanza ametoka tumboni, lakini mkunga hakupewa nafasi ya tano. Mama yupo, mzuri, kitandani na mtoto wake. Uchungu ulikwisha kabla kamera haijafika. Halafu msimulizi anamwambia mtoto kwamba ana bahati, maana angezaliwa Uholanzi au Poland, au kwenye mtaa duni wa Liverpool au Glasgow, mambo yangekuwa mengine.

Bahati? Neno hilo ndilo linalonikera. Mwaka 1935, England na Wales, walikuwa wanakufa akina mama zaidi ya 4 katika kila uzazi 1,000. Kufikia 1945 walikuwa chini ya 2. Yaani vifo vilipungua mabomu yakiwa yanaanguka, na kuna watu waliovipunguza. Sheria ya wakunga ya 1936 ililazimisha serikali za mitaa kuweka wakunga wa mshahara, hivyo mkunga hakutegemea tena senti za mgonjwa. Mwaka huohuo Leonard Colebrook, wa hospitali ya Queen Charlotte's, London, alionyesha kwamba dawa mpya za salfa zinatibu homa ya uzazi, ile iliyokuwa inaua wazazi siku chache baada ya kujifungua. Julai 1940 ukaja mpango wa maziwa: zaidi ya nusu lita kwa siku kwa kila mjamzito, kwa bei ndogo, na bure kwa asiyeweza. Alikuwa na kijitabu cha mgao cha kijani. Sisi tunaopanga foleni na kadi mkononi tunajua mgao hauangukii mtu kwa bahati. Kuna mtu ameupanga, na kuna mtu anaweza kuupunguza.

Na kulikuwa na gharama nyingine ambayo filamu haiigusi. Septemba 1939 watu karibu milioni 1.5 walihamishwa kutoka mijini ndani ya siku chache, wakiwemo wajawazito zaidi ya 12,000. Majumba ya matajiri yakageuzwa wodi. Brocket Hall, Hertfordshire, ilipokea akina mama wa hospitali ya uzazi ya London, na hadi 1949 walikuwa wamezaliwa pale watoto zaidi ya 8,000. Ukisikia hivyo unasema, jamani, hongera. Lakini mama alipelekwa wiki kadhaa kabla, akakaa kwa wenyeji asiowajua, akisubiri uchungu mbali na mume na mama yake mzazi. Akishajifungua, analazwa siku kumi au zaidi. Wengi hawakuvumilia: kabla 1939 haijaisha walikuwa wamesharudi mjini, mabomu au si mabomu.

Wakubwa wanaweza kuwaita wakaidi. Mimi natafsiri kwenye wodi ya uzazi hapa kambini, na mama akiambiwa ana rufaa ya kwenda hospitali ya mbali, swali lake la kwanza halihusu damu wala upasuaji. Anauliza, “Hawa wengine nawaacha kwa nani?” Filamu ya mtoto mmoja haiwezi kulisikia swali hilo.

Huko nje, wakati Jennings anapiga picha zake, wanawake wengi bado walikuwa wanajifungulia nyumbani, na mkunga alikuwa anawafuata kwa baiskeli usiku, taa za barabarani zimezimwa au zimefifishwa kwa sababu ya vita. Picha hiyo peke yake, baiskeli na mkoba gizani, ingetosha dakika mbili za filamu. Ningeitoa sehemu ya Hamlet, tena ni ndefu, nimweke yeye. Mwishoni sauti inamuuliza Timothy atafanya nini na dunia aliyoachiwa, na mtoto amelala tu. Mama yake hakuulizwa kitu.