Saa ya Ukutani na Mtoto Mchanga

Liko neno lililoingia katika nyumba za vijana wetu, tangu Moshi mjini hata Machame na Marangu, nalo lataka kupimwa. Neno lenyewe ni hili: kwamba mtoto aliyezaliwa apewe ratiba tangu juma la kwanza, saa zake za kunyonya na saa zake za kulala, na akilia kabla ya saa yake, aachwe mpaka saa ifike. Mama kijana huisoma ratiba hiyo katika simu yake, naye mamamkwe akiisikia hucheka, au hukasirika. Mmoja asema, "Haya ndiyo maarifa." Mwingine ajibu, "Mtoto si gari la moshi." Twaona si vema kuwaacha wanawake wawili wagombane jikoni juu ya jambo lililokwisha kuandikiwa vitabu na kuchunguzwa na madaktari. Basi na tukitazame kitabu kimoja kilicho kama babu wa ratiba hizi, tuone ukweli wake na upungufu wake.

Kitabu hicho chaitwa Feeding and Care of Baby, yaani Kumlisha na Kumtunza Mtoto Mchanga, nacho kilitolewa mwaka 1913. Mwandishi wake ni Daktari Frederic Truby King wa New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1858 akafa mwaka 1938. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya watoto. Alikuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili mahali paitwapo Seacliff, na hospitali hiyo ilikuwa na shamba na mifugo. Huko aliangalia ndama waliougua kuhara, akachunguza maziwa waliyopewa na namna ya kuyapima, na ndama wakapona. Ndipo akageuza fikira zake kwa watoto wa wanadamu. Mwaka 1907 yeye na wenzake walianzisha chama katika mji wa Dunedin, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Plunket, kwa heshima ya mke wa gavana. Wauguzi wa chama hicho walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwafundisha akina mama, na mafundisho yao yakavuka bahari hata Uingereza na nchi nyingine.

Tumtendee haki mtu huyu kabla ya kumlaumu. Alifundisha kwa nguvu kwamba maziwa ya mama yapita maziwa mengine yote. Alipigana na chupa chafu na maziwa mabovu, akahimiza usafi, hewa safi na mwanga wa jua. Tena hakuwadharau akina mama kwa kuwaona hawafundishiki. Alipeleka mwuguzi mpaka mlangoni pao. Kama angalikoma hapo, tusingalikuwa na neno naye ila shukrani.

Walakini hakukoma hapo. Alitaka mtoto anyonye kila baada ya saa nne, mara tano kwa siku: kwa hesabu yetu, saa 12 alfajiri, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Toka hapo mpaka alfajiri asipewe titi, bali alale. Mtoto aliyelia katikati alihesabiwa kuwa anajifunza tabia mbaya, na mama aliyemwitikia alihesabiwa kuwa anamharibu.

Sisi waalimu twaweza kuelewa kwa nini fundisho hili lilipendwa, maana sisi nasi twapenda kengele. Kengele ikilia, watoto mia tatu hujipanga mistari. Lakini mwenye kujipanga kwa kengele ni mtoto wa miaka saba, aliyekwisha kula uji nyumbani, ajuaye maana ya kungoja. Mtoto wa siku saba hajui maana ya kungoja. Kwake hakuna "baadaye". Iko njaa tu, au shibe. Kumwadhibu kwa kutojua saa ni kumwadhibu kwa kutojua kusoma.

Na tuingie sasa katika hoja zenyewe. Kwanza, tumbo la mtoto mchanga ni dogo mno, na maziwa ya mama husagwa upesi. Kwa hiyo hunyonya kidogo kidogo, mara nyingi. Pili, titi halifanani na debe lijazwalo mara moja likangoja mchotaji. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri ya kunyonywa: likinyonywa mara nyingi huzidisha, likiachwa limejaa hupunguza. Tatu, mtoto mchanga hajatenga usiku na mchana. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miezi minne ahitaji usingizi wa saa 14 hata 17 katika siku nzima. Lakini usingizi huo huja kwa vipande, na utengano wa usiku na mchana huanza kuonekana baada ya majuma mengi.

Kwa sababu hizo madaktari wenyewe wameiacha ratiba ya King. Mwaka 1989 Shirika la Afya Ulimwenguni pamoja na UNICEF walitoa hatua kumi za kufuatwa na hospitali za uzazi, na mojawapo ni kuwahimiza akina mama wanyonyeshe kila mtoto atakapo. Mwaka 1997 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliandika kwamba mtoto mchanga anyonyeshwe kila aonyeshapo dalili za njaa, yapata mara 8 hata 12 katika saa 24; tena kwamba kilio ni dalili iliyochelewa. Kabla ya kilio mtoto huzungusha kichwa akitafuta, huchezesha midomo, hutia mkono kinywani. Bibi zetu walizijua dalili hizo pasipo kitabu.

Msomaji na afanye hesabu. Ratiba ya King ni mara 5. Haja ya mtoto ni mara 8 au zaidi. Mama aifuataye ratiba hiyo ampunguzia mtoto mara tatu kila siku kwa uchache, na titi lake hujifunza upungufu huo. Baada ya majuma machache maziwa hupungua, mtoto hulia zaidi, na watu husema, "Maziwa ya mama huyu hayatoshi." Ndipo kopo hununuliwa dukani. Hili ndilo kosa kubwa la kitabu: mtu aliyeyasifu maziwa ya mama kuliko wote alikata kwa saa yake kijito kile alichotaka kukilinda.

Wako watakaojibu kwamba watoto wa New Zealand walikufa wachache kuliko wa nchi nyingi, na kwamba hayo ni matunda ya King. Ni kweli kwamba vifo vya watoto wa walowezi huko vilikuwa vichache. Lakini vilianza kupungua kabla ya chama kuundwa mwaka 1907. Maji safi, nyumba nzuri, familia zenye watoto wachache, na ushauri juu ya usafi, vyote vilifanya kazi. Kuipa saa sifa za sabuni si haki.

Hata hivyo tusiitupe saa mtoni. Wako watoto ambao wasipoamshwa hawaamki: aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye uzito mdogo, mwenye manjano, aliyelegea kwa usingizi. Huyo asingojewe alie, maana huenda hana nguvu za kulia. Kwake saa ni rafiki, naye huamshwa anyonye kwa kadiri aliyoagiza mganga, kwa kawaida isizidi saa mbili au tatu. Walakini tazameni tofauti: saa hii yamwita mtoto aje kwenye titi, saa ya King yamfukuza. Na mama atakaye kujua kama mtoto anashiba asiulize ukuta. Na atazame nepi: mtoto akimaliza juma la kwanza hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Na atazame kadi ya kliniki, maana uzito hausemi uongo.

Tumekipima kitabu cha wageni. Haki yataka tuipime na desturi yetu kwa mizani ile ile. Mwaka 1940 Otto Raum, mwana wa mmisionari, aliyefundisha waalimu huko Marangu, alitoa kitabu chake Chaga Childhood, akionyesha kwamba malezi ya Wachaga yalikuwa elimu kweli kweli, wala si mazoea ya watu wasiofikiri. Na katika malezi hayo hakuna lililo zuri kuliko miezi mitatu ya mzazi. Mwanamke aliyejifungua alikaa ndani. Hakukata majani ya ng'ombe, hakuchota maji, hakubeba ndizi sokoni. Alipikiwa mtori, akaletewa nyama na maziwa na mlaso, ili apate nguvu. Katika nyumba ya namna hiyo mtoto aliweza kunyonya usiku kucha, kwa kuwa mama aliweza kulala mchana.

Lakini katika kihamba kile kile liko kosa letu. Mtoto akilia, mama mmoja mwenye mamlaka husema, "Ana kiu, mpeni maji," au, "Maziwa hayamtoshi, mpeni ya ng'ombe," au humwonjesha mtori angali na miezi miwili. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Ulimwenguni limefundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita, pasipo hata maji. Kikombe kile cha maji hufanya kazi ile ile ya saa ya ukutani: hujaza tumbo dogo na kuliachisha titi kazi, tena huleta kuhara. Basi mamamkwe anayeicheka ratiba ya simu na ajiangalie mkononi ameshika nini.

Imebaki hoja moja ambayo Wakristo huitoa kwa nia njema. Husema Mungu ni Mungu wa utaratibu, kwa hiyo mtoto naye awekwe katika utaratibu mapema. Twakubali neno la kwanza. La pili halifuati. Kumbukeni habari za Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Nyumba ya Elkana ilikuwa na ratiba yake takatifu, kupanda Shilo kila mwaka kutoa dhabihu. Samweli alipozaliwa, Hana hakupanda. Alikaa nyumbani amnyonyeshe mpaka amwachishe. Naye Elkana, mwenye nyumba, alimkubalia, akaenda pasipo yeye. Ikiwa safari ya kwenda kumwabudu Bwana ilimngojea anyonyaye, je, usingizi wetu usiweze kumngojea?

Hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha jambo. Mama kijana wa leo haipendi ratiba kwa ugumu wa moyo. Aipenda kwa kuwa amechoka, tena yu peke yake. Anakaa chumba cha kupanga Moshi mjini, mama yake yuko Rombo, mumewe hurudi usiku. Kumwambia mtu huyo, "Nyonyesha kila mtoto atakapo," pasipo kumwondolea kazi nyingine, ni kumtwika mzigo na kuuita shauri. Methali yasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini uchovu wa mzazi waweza kujulikana na nyumba nzima.

Basi twasema hivi: ratiba ni njema, lakini si ya mtoto mchanga. Ni ya wale wamzungukao mama yake. Nani atachota maji asubuhi? Nani atapika saa 6? Nani atamshika mtoto aliyeshiba ili mama alale saa mbili mchana? Hayo na yaandikwe ukutani, na jina la baba liwe la kwanza. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampa mama mwajiriwa likizo ya siku 84, na siku 100 akizaa mapacha. Na arudipo kazini, mwajiri ampe muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Siku 84 ni karibu sawa na ile miezi mitatu ya wazee wetu. Lakini baba hupewa siku 3 tu, na mama auzaye ndizi Kiboriloni au Mwika hana mwajiri wa kumpa hata moja. Kwa huyo, likizo haiwezi kutoka ila kwa mumewe, kwa mamamkwe, na kwa akina mama wa usharika, ambao waweza kupeana zamu za kumpikia na kumfulia kama wapeanavyo zamu za kufagia kanisa.

Mtoto naye atapata utaratibu wake kwa wakati wake. Dirisha lifunguliwe mchana, taa ipunguzwe usiku, sala ya jioni isemwe kwa sauti ya chini. Na kadiri miezi ipitavyo usingizi wake wa usiku utakuwa mrefu. Atakapofika shuleni, sisi tutampigia kengele, naye atakuwa tayari kuisikia. Kwa sasa ampigiaye kengele ni yeye, na nyumba yote iwe tayari kuitikia.